Wageni kwenye makundi ya mashabiki mtandaoni: unaingiaje, na marafiki unawapataje?

#1 TaaYaZambarau (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kuna malalamiko yanarudi kila mara: mtu amejiunga na seva (kundi kubwa la mazungumzo) ya Discord ya BTS, wale wanamuziki saba wa Korea Kusini, au kundi la anime, yaani katuni za Kijapani, au la timu yake ya Uingereza, akasalimia, hakujibiwa, akatoka na kinyongo kwamba wale watu wanaringa. Naomba leo tulijadili hili kwa utulivu, maana naona watu wazuri wanapotea bure.

Mimi ni ARMY, ndivyo tunavyoitwa mashabiki wa BTS, niko Dar, na nasaidia usimamizi kwa kujitolea kwenye seva moja ya kimataifa. Wageni nawaona wakiingia kila siku, na nawaona wakitoka.

Sisi tumelelewa kwamba huingii mahali bila kusalimia. Ukifika dukani ni "shikamoo mama, habari za hapa", ndipo unaomba chumvi. Anayeanza na shida yake moja kwa moja tunamwona hana adabu. Sasa mgeni anaingia kwenye seva ya watu maelfu na adabu hiyohiyo njema: "Habari zenu wote, mimi mgeni, naomba marafiki." Anasubiri. Kimya. Chini yake watu wanaendelea kubishana kuhusu mavazi ya tamasha kana kwamba hakuna aliyepita. Anaumia, na ana haki ya kuumia, kwa sababu kwetu kutoitikia salamu ni tusi.

Kule si tusi. Chaneli ya kujitambulisha inapokea salamu mfululizo kutoka Brazil, Indonesia, Ufilipino na Mexico, na hakuna aliyepewa kazi ya kuitikia. Salamu ya wote haina mwenyewe. Kinachofanya kazi ya salamu kule ni kuonyesha kwamba umesoma alichoandika mtu, au umekitazama kwa makini alichokichora. Ndiyo hoja yangu nzima: usihangaike kujitambulisha kwa watu wote, mjibu mtu mmoja.

Nitoe mfano. Dada mmoja aliweka mchoro wa penseli wa Jungkook, mmoja wa wale saba wa BTS. Zikamiminika komenti za mioyo ya zambarau na "umetisha". Akaja mgeni akaandika: "Nimefurahi kuona umelibakiza lile kovu la shavu la kushoto. Wengi wakimchora wanalifuta." Basi, hakuongeza neno. Mchoraji akaijibu hiyo kwanza kuliko zote. Akaeleza jinsi lilivyomsumbua, kwamba akikandamiza penseli kidogo tu linaonekana kama mkunjo wa tabasamu, kisha akauliza, "Na wewe unachora?" Hao wawili sasa ni marafiki wa kupigiana simu, mmoja yuko Dodoma na mwenzake yuko Recife. Hakuna aliyesema naomba urafiki.

La pili ni kusoma kabla ya kuandika. Oktoba 1995, kabla wengi wetu humu hatujaijua intaneti, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo wa adabu za mtandaoni unaoitwa RFC 1855. Mgeni anashauriwa mle asome kundi kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla hajaandika chochote. Miezi miwili kwa leo ni mingi mno, lakini sababu aliyoitoa haijachakaa: ni ili uuelewe utamaduni wa kundi lile. Wiki ya kusoma tu inatosha kukuonyesha nani ni mfasiri, nani mwenye kumbukumbu ya tarehe zote, utani upi ni wa ndani, na jambo gani likitajwa chumba kizima kinanuna.

Kwa ARMY, yanayonunisha ni haya. Kumpandisha mmoja wa wale saba kwa kumshusha mwenzake. Kuleta picha zilizopigwa na watu wanaowafuatafuata wasanii hadi uwanja wa ndege na majumbani mwao, hizo seva nyingi hufuta na kukuonya. Kuhoji nani anatembea na nani. Na kuchukua tafsiri ya mtu ukaiweka kwenye ukurasa wako bila kumtaja. Hili la mwisho linaniuma kuliko yote, acha niseme kidogo.

Msanii akiingia mubashara Weverse, programu ya wasanii wa Korea na mashabiki wao, saa 3 usiku ya Seoul, kwetu ni saa 9 alasiri. Kuna mtu ameacha chakula chake, anasikiliza Kikorea kwa sikio moja na kuandika kwa lugha nyingine papo hapo ili mimi na wewe tuelewe, na halipwi hata senti. Halafu mgeni anaandika "amesema nini? amesema nini?" kila baada ya nusu dakika. Subiri. Akimaliza, mshukuru kwa jina, na mtajie sentensi uliyoipenda. Wafasiri wanawajua watu wanaowashukuru, na wanajuana wao kwa wao. Ukishafahamika kwa mfasiri mmoja, mlango umeshafunguka.

Karibuni tuendelee. Walioko kwenye fandomu (jamii za mashabiki) nyingine leteni ya kwenu.

#2 Kona ya Kop

Naunga mkono hoja, dada. Upande wa mpira ni fupi tu: mechi ikiwa inaendelea si wakati wa kuuliza huyu namba 17 ni nani. Uliza mapumziko, au kesho yake, watu watakueleza mpaka historia ya baba yake. Na timu ikifungwa usiingie dakika ileile na takwimu za kumtetea kocha. Waache watu wapumue. Kesho asubuhi wataisoma hoja yako na wataiheshimu.

Jingine: usiende kujiunga na kundi la wapinzani ili uwazomee. Wanajuana, na jina lako litasambazwa kwenye makundi mengine kabla hujatoka.

#3 MsomajiWaJumapili

Naongezea ya anime na manga, hadithi za Kijapani za michoro. Kule kosa linalowafukuzisha wageni ni moja: kumwaga mkasa, yaani kufichua yaliyomo kabla wenzako hawajasoma.

Sura mpya za manga nyingi za jarida la Weekly Shonen Jump hutoka rasmi, tena bure, kwenye programu ya Manga Plus usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa za Japani. Huku kwetu ni Jumapili saa 12 jioni. Lakini kurasa za kuvuja zinaanza kuzunguka tangu katikati ya wiki. Kwa hiyo ndani ya kundi moja wamo waliokwisha kusoma Alhamisi na wamo wanaoisubiri Jumapili kwa moyo wao wote, kwa sababu wanataka tafsiri safi na wanataka usomaji wao uhesabiwe kwa mchoraji.

Mgeni anadhani kumwaga mkasa ni kusema fulani amekufa. Hapana. "Jiandaeni, Jumapili mtalia" ni kumwaga mkasa. Kuweka emoji ya jeneza ni kumwaga mkasa. Kubadilisha picha yako ya wasifu ukaweka mhusika fulani kwa rangi nyeusi na nyeupe usiku wa Alhamisi, nako ni kumwaga mkasa, na nimeshuhudia kundi likivunjika vipande viwili kwa picha kama hiyo.

Njia zipo. Discord unatangulizia mistari miwili ya wima || na kumalizia na mingine miwili, maneno yanafichika mpaka mtu mwenyewe abofye. Reddit unaanza na >! unamaliza na !<. Telegram unayachagua maneno unayaficha. WhatsApp haina kitu hicho, kwa hiyo kule subirini mpaka Jumatatu, au fungueni kundi la pembeni la waliokwisha kusoma. Na kabla ya maneno yaliyofichwa andika yanahusu sura ya ngapi, maana mtu hawezi kuamua abofye au asibofye kama hajui ndani kuna nini.

Urafiki wangu mwingi umetoka kwa wale wa Jumapili. Tunasoma saa ileile, ukurasa kwa ukurasa, mtu yuko Arusha, mwingine Kisumu, mwingine Bujumbura, na kila mmoja anasubiri wenzake wafike kabla hajasema.

#4 Fidla na Udi

Mleta uzi, nimekusoma yote. Lakini hili la salamu sikubaliani nalo, na nitaeleza.

Mimi ni mtu mzima, niko Tanga. Tuna kundi letu la wapenzi wa taarabu asilia, lina watu wa hapa, wa Mombasa, wa Unguja na ndugu zetu walioko Muscat. Kwetu mtu asiyesalimia hatumjibu. Anaingia kijana asubuhi, neno lake la kwanza: "Mwenye wimbo fulani wa Black Star aturushie." Huyo hapewi. Si kwa roho mbaya. Zile ni kanda ambazo mtu alizihifadhi kwenye sanduku kwa miaka, akaja kuzihamisha moja moja kwenye kompyuta. Hazitolewi kwa mtu ambaye hata jina hatulijui. Na tumeshaona zikichukuliwa zikapandishwa YouTube kwa jina la mchukuaji.

Halafu nikukumbushe: urafiki wa mbali baina ya mashabiki haukuanza na simu hizi. Kulikuwa na kadi za salamu za redioni. Mtu ananunua kadi, anaijaza majina, anajipa na jina la ushabiki, inasomwa hewani. Watu waliojuana kwa sauti ya mtangazaji tu walikuja kuunda vilabu, wakatembeleana, wakazikana. Salamu peke yake ilitosha.

#5 TaaYaZambarau (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana kwa kuja.

Nakubali kabisa kwamba kundi la Kiswahili lina adabu zake. Kwenye kundi la watu 200 wanaojuana, salamu ina wa kuiitikia, na anayeiruka anaonyesha dharau. Nilikuwa nasema ya zile seva kubwa za kimataifa. Mgeni asome kwanza mahali alipo ni pa aina gani.

Ila kuhusu kadi za redioni naomba nitie neno. Kadi ile haikusema "nawasalimu wote". Ilikuwa na majina: fulani wa Korogwe, fulani wa Voi, mama fulani wa Makorora. Mtu anasikia jina lake linasomwa, naye wiki ijayo anarudisha. Kwa hiyo naona mzee tunasema kitu kilekile.

Na ninauliza kwa dhati: mgeni akija kwenye kundi lenu, ni neno gani likiwafikia mnajua huyu ni mwenzetu?

#6 Fidla na Udi

Marahaba mwanangu.

Swali zuri. Akisalimia, kisha akauliza: "Ile fidla inayoingia baada ya beti la pili ni ya nani?" Hapo wazee watatu wataandika kwa pamoja. Watabishana mpaka Isha. Huyo kijana ataletewa na nyimbo ambazo hakuziomba. Kinachotuvuta ni sikio lake. Tuna binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliingia kwa swali la namna hiyo kuhusu udi katika rekodi ya Ikhwani Safaa ya Unguja, na ile klabu ya taarabu ni ya tangu 1905, ina mengi ya kuulizwa. Leo yeye ndiye anayeyaandika maneno ya nyimbo tunayomsomea kwa sauti, kwa sababu sisi macho yamechoka.

Na kitu kingine: atuepushe na zile picha za "asubuhi njema" zenye maua, na matangazo ya biashara. Salamu ya kunakili si salamu.

#7 Mama Darasa la Saba

Jamani samahani, mimi si shabiki, ni mzazi, naandika kutoka Nairobi. Msichana wangu ana miaka 13, ako kwa hizi seva za K-pop, muziki wa Korea, usiku na mchana. Anasema ana marafiki Ufilipino na Uturuki. Simjui hata mmoja. Nimnyang'anye simu ama nifanyeje? Naogopa kweli.

#8 TaaYaZambarau (mleta uzi)

Pole na hofu, mama, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kunyang'anya.

Miaka 13 ndiyo umri wa chini unaokubalika Discord, na seva nyingi zina vyumba vya watu wazima ambavyo yeye hatakiwi kuingia kabisa. Kaa naye, sio kumpekua, mwambie akutembeze: hii ni chaneli ya nini, huyu ni nani, huyu mlifahamianaje. Rafiki wa kweli wa fandomu ana historia inayoonekana hadharani, wameongea kwenye chaneli ya wote mara nyingi kabla ya faragha. Anayenitia wasiwasi ni yule aliyemfuata inboksi siku ya kwanza, anamwita mrembo, anamtaka wahamie programu nyingine, anamwambia wasimwambie mtu. Huyo apigwe skrinishoti, azuiwe, na skrinishoti iende kwa wasimamizi. Usifute kwanza, tunahitaji ushahidi ili tumwondoe kwa wote.

La kwetu hasa ni namba ya simu. Ukiingia kundi la WhatsApp, kila aliyemo anaiona namba yako. Na huku Afrika Mashariki mtu akishika namba yako akajaribu kukutumia pesa, jina ulilosajilia linamtokea. Kwa hiyo binti anayejiita kwa jina la ushabiki tu anakuwa amejulikana jina lake halisi, au lako wewe mama kama laini ni yako. Abaki kwenye majukwaa yasiyoonyesha namba. Jina la shule, sare, picha ya geti la nyumbani, hivyo visitoke.

Mkitembezana hivyo utamwona binti yako kwa jicho lingine. Wengine wamejifunza kusoma Hangul, maandishi ya Kikorea, wakiwa peke yao chumbani na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuwauliza wamejifunzaje.

#9 Kadi na Bahasha

Mimi niko Mwanza, nakusanya kadi za picha za wasanii zinazokuja ndani ya albamu za K-pop. Nitasema ya hela tu, maana hapo ndipo urafiki wa wageni unapovunjikia.

Usinunue kwa mtu ambaye hukumwona akiuza kwa wengine. Omba picha ya kadi ikiwa pembeni ya karatasi yenye jina lake la mtandaoni na tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono, mbele na nyuma ya kadi. Akikasirika kwa ombi hilo, achana naye, kwa sababu wakusanyaji wote waaminifu wanalijua na wanalitimiza bila kuulizwa sababu. Oda za pamoja kutoka Korea zinachukua miezi, na ushuru unaweza kuongezeka mzigo ukifika. Msimamizi mzuri anawatangazia hilo kabla ya kupokea hela, na anaweka stakabadhi kwenye kundi. Kwa ndani ya nchi tunatumiana kwa basi, kadi ikiwa kati ya makaratasi magumu mawili, na risiti ya kifurushi inapigwa picha palepale ofisini.

Ukiwa mgeni na una kadi mbili zinazofanana, mpe mtu moja. Bila kuuza. Nimepata marafiki wawili wa kudumu kwa njia hiyo.

#10 Lebo Kwanza

Kuna upande haujaguswa: hadithi zinazoandikwa na mashabiki. Mimi nasoma na kuandika kwenye Archive of Our Own, tovuti ya hadithi hizo. Kwa wasioijua: inaendeshwa na Organization for Transformative Works, shirika lisilotafuta faida, watu wa kujitolea na michango. Ilifunguliwa kwa umma 2009, na 2019 ikapewa Hugo, tuzo ya fasihi ya kubuni ya sayansi na njozi. Haina matangazo, na hakuna mashine inayokuchagulia cha kusoma. Unatafuta mwenyewe kwa lebo.

Kwa hiyo lebo ni ahadi. Mwandishi ameandika juu kabisa kwamba ndani kuna kifo, au mapenzi ya watu fulani wawili. Ukiingia ukasoma, huna haki ya kumtukana kwa kilichokuwemo kwenye lebo. Funga ukurasa, tafuta nyingine. Ndiyo sheria mama ya kule.

Wageni wanakwaza kwa mawili. La kwanza, "sura nyingine lini?" ikiwa ndiyo komenti nzima. Mwandishi ana kazi, ana mtoto, anaandika usiku bure. Neno lile linamfika kama dai la deni, na nawafahamu waandishi walioacha hadithi katikati kwa ajili yake. La pili, masahihisho ambayo hayakuombwa. Kama ameandika kwamba anakaribisha ukosoaji, mpe, tena kwa upole. Kama hakuandika, mpe ulichokipenda, au nyamaza.

Na msiogope hadithi za zamani! Mgeni anaona hadithi ni ya 2014, anajisemea mwandishi atashangaa nikimwandikia leo. Hatashangaa, atafurahi mno. Nilipokea komenti kwenye hadithi niliyoiandika nikiwa sekondari, mtu amenakili sentensi moja tu, ile ya bibi anayepepeta mchele huku anasikiliza ugomvi wa chumba cha pili, akaandika chini yake: "Hapa nimesimama." Nikaingia kwenye wasifu wake nikasoma vyote alivyoandika yeye. Sasa ndiye ninayempelekea rasimu zangu kabla ya mtu mwingine yeyote.

#11 Mkweli Mchungu

Yote mazuri, lakini mnamtwisha mgeni mzigo wote. Asome, asubiri, ashukuru, atoe kadi. Na wakongwe je? Kuna watu wakikuona umeanza kuwapenda BTS mwaka 2020 wanakuuliza maswali kama uko usaili wa kazi. Albamu ya kwanza ilitoka lini, taja majina halisi ya wote saba. Hao ndio wanaofukuza watu.

#12 TaaYaZambarau (mleta uzi)

Mkweli, umesema kweli na sitaitetea tabia hiyo. Usaili wa mashabiki ni ukatili. BTS wameanza Juni 2013. Aliyewafahamu mwaka ule aliwahi tu kuwafahamu, hakununua hisa.

Ila hofu ya wakongwe ina historia. Miaka ya themanini na tisini kulikuwa na mtandao wa majadiliano ukiitwa Usenet. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vya Marekani waliingia kwa mkupuo, wakavuruga kwa wiki chache, wakafundishwa, mambo yakatulia. Kuanzia 1993 na 1994 kampuni za intaneti zikawafungulia wateja wa kawaida, AOL ikiwemo, na wimbi halikukatika tena. Wenyeji wakasema Septemba ile haikuisha. Kilichowachosha ni kwamba waliokuja walikuwa wengi kuliko waliokuwepo kuwafundisha. Fandomu kubwa za leo zinaishi hivyo mwaka mzima.

Kwa hiyo wakongwe wenzangu, tuwape wageni kazi. Siku mtu anapopewa kazi ndogo ndipo anapoacha kuwa mgeni. Juni 2020 BTS na kampuni yao walichangia dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, harakati ya kutetea maisha ya watu weusi, na ARMY wakachanga kiasi hichohicho ndani ya takriban siku moja kupitia One In An ARMY, kundi la mashabiki wa kujitolea. Kampeni ya namna ile inahitaji wa kutafsiri, wa kujibu maswali, wa kupanga saa za nchi mbalimbali. Hakuna anayekuuliza ulianza lini kama una kitu mkononi cha kufanya. Kwenye seva yetu sasa mgeni akimaliza kusoma sheria tunamwuliza swali moja tu: unaweza kutusaidia saa ngapi ambazo Seoul wamelala? Sisi wa huku tuko nyuma yao saa 6, tunafaa sana kwa zamu za usiku wao.

#13 Mgeni wa Moro

Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi ndiye yule aliyesalimia hakujibiwa. Kuna dada wa Peru kwenye seva niliyopo, anaeleza maana za alama zilizofichwa kwenye video za BTS, anaandika marefu na watu wanaweka emoji tu. Natamani kumwandikia lakini Kiingereza changu ni cha shule, nikianza tu naomba radhi. Nianzeje?

#14 TaaYaZambarau (mleta uzi)

Karibu sana mdogo wangu.

Usiombe radhi kwa Kiingereza. Huyo dada naye lugha yake ni Kihispania, na pengine naye anaomba radhi kila siku. Ukianza na radhi unamlazimisha akubembeleze kabla hamjaongea.

Chagua kitu kimoja katika maelezo yake ambacho hukukiona mwenyewe. Andika hadharani, chini ya posti yake, sio inboksi: "Sikuwa nimeuona ule mlango wa bluu hadi uliposema. Unadhani ndio uleule wa mwanzo wa video, au ni mwingine?" Weka kitu chako halisi mahali pa mlango. Swali liwe unalotaka kweli kujua jibu lake. Kisha usikae unaangalia simu. Peru wako nyuma yetu saa 8, ukiandika saa 4 asubuhi yeye amelala.

#15 Mgeni wa Moro

Dada amejibu! Ameandika aya nne. Kasema hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu ngazi (mimi niliuliza ya ngazi). Halafu kauliza Morogoro iko wapi, nikamwelezea milima ya Uluguru. Anataka Jumamosi tuitazame upya ile video pamoja tukiisimamisha kila sehemu, saa 10 jioni yangu ni saa 2 asubuhi yake. Bando nimeshanunua. Swali moja: anataka na rafiki yake wa Chile aje, lakini mimi simjui. Nikubali?

#16 TaaYaZambarau (mleta uzi)

Kubali, mradi iwe kwenye chumba cha sauti cha seva na sio simu binafsi. Unaweza kuzima maikrofoni ukaandika tu, wengi wanaanza hivyo na hakuna anayeuliza kwa nini. Na kabla ya Jumamosi muulize huyo wa Chile ni sehemu gani ya video anayoipenda, ili akifika umeshajua pa kuanzia.